Mwenyewe wa Kisima cha Chimbuya

Kaeni, kaeni. Si hapo, hapo pana siafu. Vutieni kigoda huku. Mwalimu wenu ameniambia kwamba mnajifunza kupima ardhi na kwamba mnataka kujua sisi wa zamani tulifanyaje kazi hiyo enzi za Mdachi. Nitawaambia, lakini msinikatize, maana nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau. Mke wangu yuko ndani anacheka. Anajua nisemalo.

Mimi nilikuwa mvuta mnyororo. Nyie mna mikanda inayojikunja yenyewe ndani ya kibweta. Sisi tulikuwa na mnyororo wa chuma, pingili ndefu zimeunganishwa kwa pete ndogondogo, na kila ncha ina mpini wa shaba. Watu wawili wanauvuta. Wa mbele anabeba vijiti vya chuma, na kila mnyororo unaponyooka anachomeka kimoja ardhini. Wa nyuma anakuja anaking'oa. Mkifika mwisho, unahesabu vijiti vilivyo mkononi mwa wa nyuma, na hapo ndipo unajua mmetembea umbali gani. Rahisi, sivyo? Haya, fanya hivyo katika miiba ya Ugogo, jua la adhuhuri, chuma kimepata moto hadi mpini unakuunguza kiganja. Tulifunga vitambaa mikononi. Tena chuma kikipata joto kinarefuka, kwa hiyo kipimo cha asubuhi na cha mchana havilingani. Nani alinifundisha hayo? Mzee Feruzi.

Mzee Feruzi alikuwa mnyapara wetu. Mnyamwezi, Mwislamu, mkazi wa Mpwapwa. Ujana wake wote aliumaliza kwenye misafara, akibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani, na bega lake moja lilikuwa na nundu. Alijua Cigogo kunishinda mimi mwenyewe niliyezaliwa nacho. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akanitazama toka unyayoni hadi utosini.

"Marahaba. Wewe kabila gani?"

"Mgogo, mzee."

"Loo! Mtani wangu! Kaa mbali na chakula changu. Baba zako walinitoza hongo kila nilipopita na mzigo, hata maji ya kunywa nililipia. Leo Mungu amekuleta ubebe mnyororo wangu. Kamata!"

Nikakamata. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi hakuacha kunidai ile hongo.

Bwana wetu Mdachi tulimwita Bwana Jicho, kwa sababu siku nzima alifumba jicho moja na kuchungulia kwa jingine kwenye darubini ya miguu mitatu. Alikuwa mrefu, mkavu, hapendi maneno. Kiswahili chake kilikuwa cha boma, cha kuamrisha, lakini kilimtosha. Alikuwa na msemo wake mmoja: "Nachora ninachoona." Ukimwambia nyuma ya kilima kile kuna mto, atakujibu, "Nachora ninachoona," na mtapanda kilima, mtashuka, ataona mto, ndipo auchore. Tulimlaani sana kwa hilo, miguu ikituuma. Ukumbukeni msemo huo, maana ndio uliokuja kuwatesa watu na ndio uliokuja kuwaokoa.

Mnacheka mapema, ngojeni niwape cha kuchekea. Darubini ile ilining'inizwa timazi chini yake, kizito cha shaba, ili ijulikane imekaa sawasawa juu ya alama. Bwana Jicho alitaka ing'arishwe kila asubuhi. Sasa tulifika kwa jumbe mmoja upande wa Bahi ambaye alifuga mbuni, tangu kifaranga, kwa ajili ya manyoya. Mzee Feruzi akaining'iniza timazi, akageuka kuchukua bendera ya kupimia. Aligeuka mara moja tu. Mbuni akaja, akaiona inameta, kwap! Akaimeza na uzi wake. Tuliuona uvimbe ukishuka shingoni polepole.

Bwana Jicho akaagiza achinjwe. Jumbe akasema mbuni yule ni kama mwanawe, afadhali achinjwe yeye. Basi ikaamuliwa kwamba mimi, Chilewa, mwana wa watu, nimfuate yule ndege kila aendako hadi timazi itoke. Vijana wangu, mimi nimeitazama nyuma ya mbuni kuliko mtu yeyote katika nchi hii. Ikatoka. Nikaiosha, ikarudi kazini, na Mzee Feruzi akasema tangu siku ile inanyooka vizuri zaidi.

Haya, turudi. Kazi tuliyopewa ilikuwa kupima nchi yote kutoka milima ya Kibakwe hadi mbuga za Bahi, ili boma liwe na ramani moja. Nyie mmeizoea nchi hii kwenye karatasi. Mimi niliijua kwa nyayo. Kule Kibakwe ni milima, baridi ya asubuhi inauma masikio, chemchemi kila bonde, watu wanalima mahindi na maharage, na ukipita wanakupa viazi. Ukishuka kuja Chamwino, hewa inabadilika, unakutana na ardhi nyekundu, miiba, na tembe zimejificha kwenye nyika, mapaa yake bapa ya udongo yako sawa na vichaka, hata unaweza kupita ubavuni mwa nyumba ya mtu bila kuiona. Hapo ni uwele na mtama, mlenda, na ng'ombe. Ukiendelea magharibi ndipo unaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka nyufa, masika unakumeza hadi magoti.

Na watu wake? Wageni husema "Wagogo" kama vile ni watoto wa baba mmoja. Uongo. Kaa na ukoo mmoja, watakwambia babu yao alitoka Uhehe akifuata nyuki. Ukoo wa pili watasema walitoka kwa Wakaguru wakikimbia njaa. Wa tatu walitoka Unyamwezini, na wengine ni uzao wa wapagazi waliougua njiani wakaachwa, wakapona, wakaoa. Kilichowafanya wawe kitu kimoja ni mvua, au tuseme kukosekana kwake. Mvua ikinyesha kwako na isinyeshe kwangu, mimi nitaleta ng'ombe wangu kwako, na wewe mwaka mwingine utaleta wako kwangu. Ndiyo sababu kwetu mtu anayesema "maji haya ni yangu" alionekana mchawi au mwendawazimu. Shikeni hilo neno.

Na jambo la kazi hapohapo. Msiulize majina ya mahali ovyo. Kuna kilima kule njia ya Mpwapwa, kwenye ramani kina jina la mchunga mbuzi mmoja. Bwana Jicho alinyoosha kidole kwenye kilima akauliza, "Jina?" Yule mchungaji alikuwa amesimama mbele ya kilima, akataja jina lake mwenyewe. Ikaandikwa. Mzee Feruzi alinifundisha: usiulize "hapa panaitwaje," uliza "hapa wanakunywa akina nani?" Ukishajua wanaokunywa, umeijua nchi.

Sasa Chimbuya.

Chimbuya ilikuwa kaya kubwa, mwendo wa asubuhi moja kutoka Chamwino. Tembe zake zilikuwa juu kidogo, penye mwinuko wa udongo mwekundu. Chini yake, kwenye ukingo wa mbuga, palikuwa na kisima kisichokauka hata mwaka wa njaa. Mkubwa wa kaya alikuwa Ndahani, mzee mpole mwenye kigugumizi kidogo. Kaka yake aliyemtangulia alikuwa amefariki, akaacha mjane anaitwa Madeje. Madeje huyo, jamani. Mwanamke mfupi, sauti ya kuitia ng'ombe, hamwogopi mtu. Alikuja kuwa mama mkwe wangu, lakini siku zile nilikuwa sijui.

Tulikuwa na desturi ya kutuma habari mbele. Mjumbe wa akida anapita kijiji hadi kijiji akitangaza: "Bwana anakuja na mnyororo, wekeni maji na kuku." Kwingine watu walishatujua. Chimbuya hawakuwa wametuona hata siku moja. Na wao neno mnyororo walikuwa wanalijua kwa namna moja tu. Walikuwa wamewaona wafungwa wa boma wakitengeneza barabara, wamefungwa shingo kwa shingo, pete ya chuma kwa pete ya chuma, askari nyuma na kiboko. Mwana wa jirani yao alipelekwa mnyororoni, akarudi shingo ina kovu pande zote na hakusema tena vizuri. Mtu anakutangazia "Bwana anakuja na mnyororo," wewe utaweka kuku?

Tulipofika hapakuwa na mtu. Zizi tupu, milango wazi, vinu vimelala chini. Bwana Jicho akazunguka, akachungulia ndani, akaita. Kimya. Akatoa kalamu akasema, "Mahame. Watu wamehama." Halafu akateremka kukiona kisima, na nikamwona kwa mara ya kwanza akitabasamu.

Mzee Feruzi akanivuta pembeni. Alikuwa ameingiza mkono kwenye majivu ya jikoni.

"Ya moto," akasema. "Chilewa, nisikilize. Kuna Mzungu ameomba shamba la kufugia kondoo. Boma limemwambia atapewa ardhi isiyo na mwenyewe, yenye maji. Bwana huyu akiandika 'mahame' hapa, watu hawa wakirudi watakuta uzio. Wewe ni Mgogo mwenzao. Wafuate."

"Nikiwapata niwaambie nini?"

"Waambie warudi wakae majumbani mwao, waonekane! Kwani unataka nikufundishe na kuongea?"

Nikafuata nyayo za ng'ombe. Kundi la ng'ombe halifichiki, hata likipitishwa kwenye mawe. Nikawakuta kwenye kichaka kizito nyuma ya mlima, wanawake, watoto, wazee, na vijana wamenielekezea mikuki. Nilikuwa nimebeba mnyororo wetu begani, mzigo niliousahau kuutua. Walipouona walipiga kelele.

"Mbukwa!" nikawaamkia haraka kwa Cigogo. "Mbukwa, jamani! Mimi ni wenu!"

"Wetu anabeba hicho?" Huyo ndiye Madeje. Akatoka mbele ya wanaume. "Kiweke chini nikione."

Nikauweka. Nikamwambia ni wa kupimia, si wa kufungia. Akaushika, akaupapasa pingili moja moja, akajaribu kutia kidole kwenye pete. Kidole hakikupita.

"Hii ni shingo ya nani sasa?" akauliza.

"Si ya mtu, mama."

"Hata kuku hafungiki." Akageukia wenzake, akauinua juu wauone. "Tumelala na nyoka usiku mzima kwa ajili ya kitu hiki? Ndahani! Twende nyumbani, ndama wana kiu."

Wakarudi. Nilifurahi mno, nikajiona nimewaokoa watu. Bwana Jicho alipoona ng'ombe wanateremka alitazama, akafuta alichokuwa ameandika, maana sasa aliona watu. Kisha akamwita Ndahani, akamketisha kwenye sanduku, akamuuliza kwa Kiswahili chake, "Mzee. Mwenyewe wa ardhi hii na maji haya ni nani?"

Mzee Feruzi akafasiri. Ndahani akamtazama kama mtu aliyeulizwa mwenyewe wa upepo. Akafikiri kwa heshima, maana mgeni ameuliza, akajibu, "Ha-haina mwenyewe. Maji hayana mwenyewe. Anayekuja na ng'ombe wake akaomba vizuri, ananywesha."

Alijibu ukweli mtupu. Kwetu hilo lilikuwa jibu la mtu mwema. Angesema "ni yangu," jirani zake wangetema mate. Mzee Feruzi akajikuna ile nundu ya bega, Bwana Jicho akamkazia jicho, na mwishowe akatamka yale maneno: "Anasema, bwana, haina mwenyewe."

Bwana Jicho akafunga kitabu chake. "Vizuri," akasema. Kwa sheria yao neno lile lilitosha. Ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali, na serikali inampa inayemtaka.

Siku ile wakati wa kula, Mzee Feruzi hakugusa ugali. Alikwenda kwa Ndahani, mimi nyuma yake, akamweleza yote bila kuficha. Mgeni atakuja na kondoo na waya. Kisima kitakuwa ndani ya waya.

"Mwambie kesho ni chako," Mzee Feruzi akamsihi. "Neno moja tu, mzee wangu. Sema 'ni changu.'"

Ndahani akatikisa kichwa. "Si-siwezi."

"Kwa nini huwezi? Mdomo ni wako!"

"Nikisema maji ni yangu, mvua itanyesha kwa ajili ya nani?"

Mzee Feruzi akashika kichwa. Aliniambia wakati tunarudi, "Nyie Wagogo mtaniua. Miaka yote mnanitoza hongo ya maji, leo mnaulizwa na Mzungu mnasema hayana mwenyewe!" Mara hii nikajua hatanii.

Asubuhi tulipoanza kukusanya vyombo, Madeje akaja moja kwa moja hadi kwenye darubini. Wanaume wanamwita, hageuki. Akamwambia Bwana Jicho kwa Kiswahili kilichovunjika, "Wewe nataka mwenyewe? Njoo."

Akatembea. Sijui ni nini kilichomfanya Bwana Jicho amfuate, lakini alimfuata, na sisi sote tukafuata. Akaingia naye zizini, katikati ya mavi ya ng'ombe, kiatu kile cha Mdachi kikazama. Akasimama mahali, akapiga mguu chini.

"Hapa. Mume wangu. Yeye mwenyewe." Akasogea. "Hapa. Baba yake." Akasogea tena. "Hapa, baba ya baba. Uliza wao."

Ni lazima niwaeleze, kwa kuwa siku hizi mnazikana makaburini penye misalaba. Zamani mkubwa wa kaya alizikwa zizini, chini ya ng'ombe wake, bila jiwe, bila alama. Ng'ombe wanalala juu yake. Mgeni anapita hajui lolote. Bwana Jicho alitazama lile tope, akavua kofia. Alisimama nayo mkononi muda, halafu akauliza, "Makaburi?" Mzee Feruzi akaitikia. Bwana Jicho akatoa kitabu.

Tulidhani tumemaliza. Madeje alishaanza kupiga vigelegele. Lakini Bwana Jicho akachora duara kuzunguka kaya na zizi, akasema duara hilo ni lao. Kisha akanyoosha mkono chini, kuelekea kisimani.

"Pale kuna makaburi?"

"Hapana, bwana."

"Nyumba?"

"Hapana."

Na kweli hapakuwepo. Nani atajenga kisimani? Ni tope, mbu, na ng'ombe wa watu wanapita usiku na mchana. Kujenga pale ni kuwazuia wengine, ni uchoyo.

"Nachora ninachoona," akasema. "Kesho napima kisima."

Hapo ndipo niliposhuhudia kitu ambacho hakimo katika mafunzo yenu. Madeje na Ndahani walibishana mbele yetu, yeye anapaza sauti, Ndahani anatazama chini. Madeje akamwambia, "Wewe usiseme chochote. Usiseme maji ni yako. Mimi nahamia kule, basi. Mtu akihama kwenda kwenye maji, amesema uongo gani?" Ndahani akainuka, akachukua shoka lake.

Na Mzee Feruzi? Alitushangaza sote. Asubuhi iliyofuata tulipoukunjua mnyororo, akatangaza kwamba umekatika. Pingili moja ilikuwa imepindwa wazi kama mdomo. Akakaa chini ya kivuli na nyundo yake ndogo, akaanza kuutengeneza. Vijana, pingili iliyofunguka ni kazi ya kufumba na kufumbua, unaipasha moto, unaigonga, unaipoza, unapima tena. Yeye aliipasha moto kama anayepika makande. Bwana Jicho akaja, akaishika, akaigeuza.

"Feruzi, imezeeka?"

"Imezeeka, bwana. Kama mimi."

Akamtazama. Mimi nilikuwa karibu, nikarudi hatua nyuma, maana mtu aliyevunja mti wa bendera kule Kibakwe bwana huyuhuyu alimchapisha viboko. Lakini akairudisha pingili, akaenda hemani kwake.

Siku nzima tuliwasikia kule chini wakikata miti. Waling'oa nguzo za tembe ya juu, wakazibeba. Wakakata miiba, wakazungushia zizi. Wanawake wakakanda udongo. Sisi wavuta mnyororo tulikatazwa kuondoka kambini, tukakaa tunasikiliza.

Kesho yake mnyororo ukapona. Tukateremka. Kwenye ukingo wa mbuga palikuwa na tembe nusu, paa halijaisha, udongo mbichi unadondoka. Zizi la miiba, ng'ombe ndani. Moto unawaka. Madeje amepiga magoti anasaga uwele, mgongo ametupa sisi, kama mtu aliyeishi pale tangu kuzaliwa. Binti yake alikuwa anateka maji. Hapo ndipo nilipomwona, lakini hayo si yenu.

Bwana Jicho akasimama. "Juzi hapa hapakuwa na kitu."

"Leo kipo, bwana," Mzee Feruzi akasema.

Bwana Jicho akaisimamisha darubini, akafumba jicho, akachungulia. Akachungulia kwa muda mrefu mno kwa mtu anayetazama nyumba iliyo mbele ya pua yake. Mwishowe akatoa kalamu.

"Nyumba," akasema. Akachora. Duara likapita nyuma ya kisima, kikabaki ndani.

Wengine wakasema alikuwa na huruma. Mimi sijui. Mtu yule nilifanya naye kazi nikamwona akimhurumia punda na kumchapisha mtu siku moja. Labda aliona, labda alichoka, labda msemo wake ulimfunga mwenyewe. Sitawadanganya kwamba nilimwelewa.

Msifikiri mambo yaliishia kwenye sherehe. Kilichoandikwa lazima kiendelee kuwepo. Askari walipita mara kwa mara kuangalia kama pale kweli pana nyumba, basi ikabidi wakae. Masika ilipokuja tembe ilianguka, wakajenga tena. Mbu waliwamaliza. Wajukuu wawili wa Madeje walikufa kwa homa kule kisimani, watoto ambao kule juu wangekua. Yule Mzungu wa kondoo alikuja, akaona moshi, akageuza farasi. Na alikwenda wapi? Alipata kisima kingine, ng'ambo ya mlima, kwa watu ambao hakuna aliyewapindia pingili. Nao pia walikuwa wameulizwa, nao pia walijibu kwa heshima. Mnyororo uliopima pale niliuvuta mimi. Hili linaniuma hadi leo.

Mimi nilimwoa binti Madeje, huyo anayecheka ndani. Mama mkwe sikumtazama usoni miaka yote, kwa adabu yetu, lakini nilimsikia, loo, nani asimsikie.

Madeje alikufa mwaka ule Wadachi walipokuwa wanafungasha, vita vimekaribia. Tukakusanyika kisimani. Ikazuka hoja azikwe wapi. Wazee wa ukoo wakasema mwanamke hazikwi zizini, kwao haijapata kuwa, apelekwe juu. Walisema kwa ukali, na walikuwa na haki. Wote wakamtazama Ndahani, ambaye sasa alikuwa mzee sana na kigugumizi kimemzidi.

"Maji haya ha-hayana mwenyewe," akasema. "Nilisema, na ninasema. Lakini Wadachi hawa wakiondoka watakuja wengine wenye kalamu. Watauliza. Na mimi siwezi kuwajibu uongo." Akaonyesha chini kwa kidole. "Chimbeni hapa zizini. Wakiuliza, tutawaonyesha yeye."

Tukachimba, mimi na vijana wa ukoo. Tulipofika kiunoni maji yakaanza kutoka, tukasogea juu kidogo, tukachimba upya. Tukamlaza. Jioni ng'ombe wakarudishwa zizini wakalala. Asubuhi walikuja watu kutoka ng'ambo ya mlima, wale waliozungushiwa waya, wakasimama mbali na mifugo yao iliyokonda, wakaomba maji. Ndahani akawafungulia njia, wakanywesha.